Miezi mitano Nairobi na bado sina mtu wa kumbishia hodi: nifanyeje?

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Morogoro, nina miaka 29. Nilihamia Nairobi mwezi wa tano kwa mkataba wa miaka miwili. Ni mhasibu katika ofisi moja ya Upper Hill. Kazi inaenda vizuri, na mshahara sina la kulalamika. Shida yangu ni kwamba sina mtu. Naishi Rongai, nje kidogo ya mji, kwenye ghorofa nzuri, lakini majirani hata jina langu hawalijui. Tukikutana kwenye ngazi wanasema "sasa" na kupita. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Wenzangu wa ofisini ni wachangamfu, ila kazi ikiisha kila mtu anashika njia yake. Nikiongea wanacheka, "sikia Kiswahili cha Tanzania", na dukani najibiwa kwa ukali. Jumapili nasali kanisa kubwa la mjini, kisha narudi kujifungia ndani na kumpigia mama hadi usiku. Siku nyingine pia nampigia kila usiku, naye anasema nirudi nyumbani. Nimeanza kuandika barua ya kuacha kazi. Je, ni mimi nisiyejua kuishi na watu, au mji huu ndivyo ulivyo? (Mgeni wa Rongai)

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Unajua kuishi na watu. Na mji huu si mkavu kama unavyoonekana kwa mtu anayeshuka kwenye matatu saa mbili usiku akiwa hoi. Unachokosa ni muda wa kukaa na watu walewale, na muda huo unaliwa na vitu viwili ambavyo unaweza kuvibadilisha: barabara na simu. Barua ya kuacha kazi iweke kwenye droo hadi Februari. Ukitaka kuipeleka wakati huo, sitakuzuia, maana utakuwa umeishi Nairobi. Kwa sasa umeishi ofisini na barabarani.

Nasema muda kwa sababu. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu saa ambazo watu wasiojuana huhitaji ili wawe marafiki. Baadhi ya aliowauliza walikuwa watu wazima waliohamia mahali papya karibuni, kama wewe. Aliona kwamba mtu unayemfahamu tu huwa rafiki wa kawaida baada ya saa 50 hivi za kuwa pamoja, huwa rafiki hasa baada ya saa 90, na rafiki wa kufa na kuzikana huhitaji zaidi ya saa 200. Tena saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito sawa na saa ambazo watu walijichagulia wenyewe kukaa, kula na kupiga soga. Ndiyo maana mmeshinda dawati kwa dawati miezi mitano na wenzako, na bado hujui hata mmoja wao anaishi mtaa gani.

Wewe ni mhasibu, basi piga hesabu. Ukikaa na mtu mmoja saa mbili kila wiki, saa 50 zinatimia baada ya wiki 25, karibu nusu mwaka. Sasa niambie, tangu mwezi wa tano, ukitoa kazi, ni nani umekaa naye jumla ya saa kumi? Hakuna. Kwa hiyo hujakataliwa na mtu yeyote. Hesabu yenyewe haijaanza.

Jambo la pili ni wakati uliopo. Mwaka 1955 msomi wa Norwei, Sverre Lysgaard, alichapisha uchunguzi wa Wanorwei wapatao 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi sita walijiona wako sawa, na waliokaa zaidi ya miezi 18 vilevile. Waliotaabika ni wale wa katikati. Watafiti wa baadaye wamelipinga hilo na kuonyesha kwamba kwa wageni wengi siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, nami sikuchukulii kama sheria. Lakini katika kazi yangu ya kuwasikiliza wageni wa mji huu, barua nyingi za kuacha kazi nimeziona zikiandikwa karibu na mwezi wa sita tangu mtu afike. Utamu wa ugeni umeisha na wenyeji bado hawajawa wako. Ni wakati mbaya wa kukata shauri kubwa. Tena wewe ulifika baridi ikianza. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti jua linaweza kukosekana siku nzima huku watu wakijifungia mapema. Sasa ni Oktoba, mijakaranda imechanua na watu wamerudi nje. Huu ndio msimu wa kuanza.

Anza na nyumba. Naelewa kwa nini ulichagua Rongai. Kodi ni nafuu, vyumba ni vikubwa na kuna hewa. Ni mahali pazuri kwa mwenye familia, au anayefanya kazi hukohuko. Lakini mgeni aliye peke yake asichague nyumba kwa uzuri wa vigae. Achague kwa barabara. Wewe unashika Magadi Road hadi Bomas, unaingia Lang'ata Road, unabadilisha gari, na mvua ikinyesha nauli inapanda palepale mlangoni kondakta akikutazama. Unatoka nyumbani kwa saa kumi na tano kila siku, na kazi yenyewe ni saa nane au tisa. Hizo nyingine zingetosha kukupa mtaa mzima wa marafiki.

Hama uje Ngumo au Golf Course, mitaa iliyo karibu na Hospitali ya Kenyatta. Kutoka hapo unakwenda Upper Hill kwa miguu. Ikishindikana tafuta Nairobi West au Madaraka, ambako safari ni fupi. Ndiyo, kodi itakuwa juu, na pengine badala ya vyumba viwili utapata bedsita ambayo kitanda na jiko vinatazamana. Chukua. Jumlisha nauli ya kila siku kwenye kodi ya Rongai, uongeze na saa zako, utaona nyumba ya bei nafuu ni ipi. Hilo nalisema kwa uhakika kuliko jambo lingine lolote katika jibu hili.

Nafuu yako ni kwamba hapa hujafungwa. Kwenu mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Huku, kama ulivyoona Rongai, unaingia kwa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, kisha unalipa mwezi kwa mwezi. Toa notisi ya mwezi kwa maandishi, ubaki na nakala. Kabla hujatoka piga picha kuta, sinki, vitasa na vioo, maana landlodi wengi hukata dipoziti kwa kisingizio cha rangi, na mwenye picha hukatwa kidogo.

Unapotafuta, usimtumie ajenti pesa yoyote kabla hujaingia ndani ya nyumba yenyewe na kuiona kwa macho yako. Picha za simu zimewalia wageni wengi pesa. Tembea mtaani Jumamosi, soma vibao vya nyumba tupu vilivyotundikwa getini, uongee na keateka, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga. Muulize maji huja siku gani, na kama ni ya mfereji au ya kisima, maana visima vingi vya Nairobi hutoa maji ya chumvi yasiyofaa chai. Uliza kama mita ya umeme wa tokeni ni yako peke yako au mnachangia. Uliza geti hufungwa saa ngapi. Kisha rudi tena saa mbili usiku usikie kelele na uone taa za njia. Na wakati huo mpime keateka mwenyewe. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa mtaa wako. Anajua nani mgonjwa, nani ana gari la kukufikisha hospitali usiku, na nani hapatani na nani. Keateka anayewasalimu wapangaji kwa majina ni sababu tosha ya kuchagua ploti hiyo, yaani jengo hilo la kupanga.

Angalia pia ngazi na mahali pa kuanikia nguo. Usidhani natania. Mwaka 1950 wanasaikolojia Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha uchunguzi wa makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani, wakaona kwamba urafiki ulifuata milango. Watu walipendana na wa mlango wa pili kuliko wa mlango wa nne, na walioishi karibu na ngazi na masanduku ya barua walijuana na watu wa ghorofa nyingine zaidi. Ploti zetu hazina masanduku ya barua, lakini nyingi zina kamba za nguo juu ya paa. Jumamosi saa tatu asubuhi panda na beseni lako. Utakuta akina mama fua wawili watatu, wanaofua nguo za watu kwa malipo, na mpangaji wa ghorofa ya nne akigombana na shuka iliyolowa. Shika ncha ya pili mkamue pamoja, umwambie jina lako, uulize lake. Jumamosi ijayo atakuita kwa jina kabla hujafika kwenye kamba.

Sasa huko mtaani utakusanyaje saa? Kwa kwenda mahali palepale, kwa mtu yuleyule, wakati uleule. Usinunue mboga supamaketi. Chagua mama mboga mmoja, upite kwake kila jioni ukitoka kazini. Sukuma wiki huku hukatwa ukisubiri. Anakusanya majani kwenye kiganja, anayabana, kisu kinapita mbele ya kidole gumba hadi yanakuwa membamba kama nyuzi, na muda wote huo mdomo haujalala. Hizo ni dakika kumi. Wiki ya kwanza atakuuliza unatoka wapi. Wiki ya tatu atakuwekea nyanya nzuri pembeni. Mwezi wa pili, siku usipoonekana, atauliza wenzake, "Yule msichana wa Tanzania yuko wapi?" Siku hiyo utakuwa na mtu Nairobi anayejua kwamba upo.

Nywele pia. Ngumo na Golf Course ziko jirani na Kenyatta Market, soko linalojulikana mji mzima kwa nyama choma na kwa wasusi. Ukikaribia tu utaitwa na kila kibanda, hadi uvutwe mkono. Usiogope. Ukikaa, wasusi wawili au watatu hukushika kichwa kwa pamoja, na msuko mwembamba unaweza kukuweka kwenye kiti saa kadhaa. Hapo huzungumzwa waume, ada za shule, bei ya unga na siasa, na mtu aliyekaa kimya huulizwa kulikoni. Chagua msusi mmoja, chukua namba yake, urudi kwake kila mara. Wageni kadhaa waliopita kwangu wamepata rafiki wao wa kwanza Nairobi wakiwa wameinamisha kichwa.

Nije kwenye kanisa. Naelewa raha ya kanisa kubwa la mjini, kwaya nzuri, watu maelfu. Lakini maelfu hawakujui, na misa ikiisha kila mmoja anakimbilia gari lake. Sali parokia ya mtaa utakaohamia, na misa ikiisha usiondoke. Nenda ofisini uulize jumuiya yako ndogo ndogo ni ipi na hukutana nyumba gani. Kama ni Mkatoliki utaratibu huu unaujua tangu Morogoro, kwa sababu maaskofu wa Afrika Mashariki waliuweka kuwa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba huku jumuiya nyingi hukutana jioni au Jumapili mchana, kwa sababu ya kazi. Watu kumi na tano sebuleni mwa mtu, rozari, somo, chai. Zamu yako ya kuwapokea ikifika usiseme bedsita ni ndogo. Watakaa kitandani. Kama wewe ni wa dhehebu lingine, kila kanisa lina vikundi vyake vya nyumbani. Na Muislamu anayesoma jibu hili afanye vivyo hivyo kwa msikiti wa mtaani kwake na darsa zake, badala ya kushinda Msikiti wa Jamia mjini kila Ijumaa na kurudi bila kujulikana na mtu.

Kuhusu Kiswahili chako, tafadhali usikiache. Wakikucheka, mara nyingi wanakisifu kwa namna yao. Mtanzania hapa huheshimiwa kwa lugha yake. Na huo unaouita ukali wa dukani si uadui. Kwa Wanairobi wengi Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu baada ya Kikuyu, Kiluo, Kikamba au Kiluhya. Wamekipata shuleni na barabarani, bila ile adabu ya "naomba" na "samahani" uliyolelewa nayo wewe. "Nipe maziwa" hapa ni ombi la kawaida kabisa, na jibu la mkato ni haraka ya foleni. Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Nairobi, usijilazimishe kuisema. Jifunze kuielewa, hasa ya pesa, ili kondakta asikuzungushe: mbao ni shilingi 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Na siku ukitamani lugha ya nyumbani, nenda Majengo, Pumwani, mtaa wa miaka ya 1920 ambako familia za Waislamu wa asili mbalimbali zimezungumza Kiswahili nyumbani kizazi baada ya kizazi. Shikamoo yako itaitikiwa na mahamri utakula.

Hodi ya ghafla nayo iache. Kwenu jirani hubisha, akakaribishwa, akala kilichopo. Huku watu hupiga simu kwanza. Si kwamba hawapendi wageni. Wamezoea kuishi nyuma ya geti na askari, na wengi wana kazi ya pili baada ya ile ya kwanza. Na ukimwalika mtu, usiseme "karibu siku moja", kwa sababu hiyo haimleti yeyote. Taja siku, saa na chakula, na asubuhi ya siku hiyo mkumbushe.

Ofisini usiwaendee wote. Chagua mmoja ambaye roho yako imempenda, umwombe msaada mdogo wa nje ya kazi. Mwambie, "Jumamosi nataka sweta za mitumba soko la Gikomba, nisindikize nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia." Mwenyeji wa Nairobi hupenda sana kumwonyesha mgeni mji, kumfundisha kushika mkoba mbele na kutotoa simu karibu na dirisha la matatu, kumbishia bei. Mkirudi mtakula chapati na maharagwe kibandani, na saa tano za Jumamosi zitakuwa zimepita bila nyinyi kuhesabu. Nimeona msaada wa namna hiyo ukizaa urafiki haraka kuliko mwaliko wa heshima.

Kuna mlango mmoja ambao wewe, kwa malezi yako, utaingia vizuri kuliko wageni wengi. Ni msiba. Huku mazishi mengi hufanyika ushago, yaani kijijini kwa wazazi, kwa hiyo marehemu anaweza kukaa wiki nzima au zaidi kabla ya kusafirishwa, na jioni zote hizo watu hukutana nyumbani kwa wafiwa au kwenye ukumbi kupanga na kuchanga. Utaingizwa kwenye kundi la WhatsApp hata kama marehemu hukumjua. Ni shangazi wa mfanyakazi mwenzako, ni babake jirani. Wageni wengi hutuma mchango kwa M-Pesa, wakaridhika. Wewe tuma kidogo ulicho nacho, kisha nenda mwenyewe. Usikae kwenye viti vya mbele. Ingia jikoni, shika birika, gawa chai, osha vikombe, kama ungefanya Morogoro. Nakuhakikishia hakuna mfiwa anayemsahau mtu aliyeosha vikombe.

Chama nitakigusa kwa ufupi. Hapa wanawake wengi wana chama, kile mngekiita upatu au kikoba, na utaalikwa mapema kwa sababu una mshahara. Subiri. Usiweke pesa na watu ambao hujawahi kuingia nyumbani kwao, na usimkopeshe mtu mliyejuana mwezi huu, hata akilia.

Watanzania wenzako pia wapo wengi. Jiandikishe ubalozini, nenda kwenye sikukuu, pata mtu wa kupika naye mchele wa nyumbani. Mara moja kwa mwezi inatosha. Nimewaona waliokaa hapa miaka na wenzao tu, wakiulaumu mji kila wanapokutana, na mji wenyewe hawajaufungulia mlango.

Makaratasi nayapitia haraka. Hakikisha mwajiri amekamilisha kibali chako cha kazi, na kwamba umejiandikisha na Idara ya Uhamiaji na kupata kitambulisho cha mgeni, maana anayekaa zaidi ya siku 90 hutakiwa kufanya hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, lakini kibali bado kinahitajika. Bima yako nayo, jua inakubaliwa hospitali gani iliyo karibu na nyumbani kabla hujaugua. Mgeni mwenye wasiwasi wa karatasi hutembea kwa kujificha, na anayejificha hapati watu.

Sasa mama. Usimkate, binti yangu, lakini badilisha utaratibu. Mnazungumza kila usiku, nawe unamwita ukiwa umechoka na una njaa. Anachosikia ni kilio, na akiwa Morogoro hana la kufanya ila kukwambia rudi. Panga siku mbili kwa wiki, nusu saa, umpigie ukiwa umekula. Na kila mara uwe na jambo moja la kumsimulia: shuka kwenye paa, jumuiya, jina la mama mboga. Mwambie wazi kwa nini unapunguza simu, asije akadhani umeudhika. Ukifanya hivyo kwa mwezi mmoja, nadhani utasikia sauti yake inatulia, na ikitulia ushauri wake nao utabadilika.

Lakini sikiliza. Yote haya ni kwa upweke wa ugeni. Ukiona usingizi umekukimbia kwa majuma mawili, chakula hakishuki, kazi uliyoipenda imekuwa mlima, au mawazo ya kujidhuru yamekujia hata mara moja, usingoje kuhama nyumba wala kupata jumuiya. Muone daktari, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uongee na mshauri siku hiyohiyo. Na mwambie mtu mmoja ofisini. Si aibu kuomba msaada.

Imebaki Desemba, na hii inawavunja wageni wengi wasipoambiwa mapema. Kuanzia katikati ya mwezi Nairobi huhama. Wapangaji hufunga milango, mama mboga hufunga kibanda, jumuiya husimama, kila mtu yuko ushago. Asiyejua hudhani ametengwa upya. Wewe nenda kwenu. Kata tiketi ya basi la Namanga mwezi wa Novemba kabla nauli hazijapanda, na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwe mkononi. Ila usiende ukitokea Rongai. Ukimpa landlodi notisi kabla ya Oktoba kuisha, kufikia tarehe 1 Desemba utakuwa umehama, nawe utakuwa na wiki mbili za kujulikana Ngumo kabla watu hawajasafiri. Zitumie zote. Waage kwa majina, uwaambie tarehe utakayorudi, na ukirudi walete kilo chache za mchele wa Kilombero, maana watakuwa wameshakuuliza kama kweli ni mtamu kama unavyosema.